Mgonjwa Halishwi Maharage

Mama Liliane ni jirani yangu tangu nilipoolewa hapa Igurwa, na haya nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Jina lake hasa ni Nyirabageni, ila hilo wanalitumia watu wa kwao tu, sisi wengine tunamwita kwa jina la bintiye. Mimi ni Kokuhirwa, Mnyambo wa hapahapa. Ukisikia watu wanasema Koku ana mdomo, usibishane nao, ninao kweli.

Mumewe ni Theoneste. Ngoja nianze na huyo, maana bila yeye hakuna habari yoyote. Jamani, mtu yule alikuwa anaongea! Ukimwita akusaidie kupalilia, kazi itakwenda na mbavu zitakuuma kwa kucheka. Kwenye posa za watu wa kwao, wale wenye asili ya Rwanda, yeye ndiye aliyekuwa akisimama kumsemea kijana, anazunguka na maneno huku na huku mpaka upande wa binti wanasahau kwamba walikuja na nia ya kukataa. Mimi alikuwa ananichokoza kila asubuhi kutoka ng'ambo ya ua: "Koku, hivi mumeo alikuoa wewe au alioa mdomo?" Namjibu, "Alioa vyote viwili. Mkeo masikini alipata mdomo peke yake." Mama Liliane anacheka mpaka anaweka ndoo chini. Ilikuwa nyumba ya kelele, na mimi nikiamka siisikii sauti ya Theoneste najua amesafiri.

Kiharusi kilimkuta shambani, asubuhi, akipunguza majani ya migomba. Mkewe alimwita aje anywe chai, akasikia mlio, si neno. Alipomfikia, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, na macho yanamwangalia kama ya mtoto aliyepotea sokoni. Tulimpeleka hospitali kwa gari la watu. Akalazwa, akarudi. Presha, walisema, ilikuwa juu siku nyingi na mwenyewe hajui. Aliporudi mguu wa kulia alikuwa anauburuta, mkono haufanyi kitu, na ulimi umefungwa kabisa. Kuelewa anaelewa. Ukimtania anacheka kwa upande mmoja wa uso. Ila neno halitoki.

Daktari aliyemruhusu alituambia, mimi nikiwepo, kwamba miezi ile ya mwanzo ndiyo ambayo mwili unapigania kurudisha kilichopotea. Baadaye pia mtu anaweza kupata nafuu, lakini polepole. Kwa hiyo dawa za presha zisikosekane, mazoezi yasikosekane, ale vizuri, na asemeshwe, hata kama hajibu.

Mama Liliane alitaka kitu kimoja tu, wala hakukificha. Mguu, alisema, atamchongea fimbo. Mkono, atamlisha yeye. "Ila Koku, nataka anisemeshe. Hata anitukane. Nyumba imenyamaza mpaka naogopa kuingia." Akaanza kulia palepale kwenye kinu, na mimi nikalia naye. Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa anampigia mumewe magoti mbele ya kiti, anamwambia, "Baba Liliane, sema neno. Lolote." Anamtazama mdomo. Theoneste anajikaza, mishipa ya shingo inamtoka, kisha anatazama pembeni.

Sasa habari ya kula. Kwetu huku mgonjwa ana chakula chake. Watu wanakuja kumwona na hawaji mikono mitupu. Mwenye kuku analeta mayai, aliyechinja mbuzi analeta supu, wengine mkate, soda, glukosi. Abdulghani mwenye duka pale senta, Mwislamu wa watu, mwenye moyo, kila Ijumaa alikuwa anakuja mwenyewe na mkate laini kabisa ameufunga kwenye gazeti. Na kilicholetwa kwa mgonjwa anakila mgonjwa, mbele ya aliyekileta, angalau aonje. Kumlisha mgonjwa maharage ni aibu. Maharage tunakula sisi wazima, kila siku ya Mungu, pamoja na ndizi. Ndicho chakula cha kibarua akiwa shambani. Mtu akiingia akamkuta mgonjwa wako na bakuli la maharage, akitoka hapo anaanza kunong'ona kwamba umeshamkatia tamaa, unasubiri afe tu.

Kila mtu huku anaishi na desturi hiyo, lakini Mama Liliane alikuwa nayo kwa uchungu wake mwenyewe. Wazazi wake walivuka mto kutoka Rwanda wakiwa wakimbizi, wakafikia Rugu, wakawa vibarua wa mashamba ya watu. Yeye kazaliwa hukohuko. Mama yake alipougua waliishi kwenye kibanda cha tajiri wao, na ujira ulikuwa maharage, basi mgonjwa akala maharage mpaka siku ya mwisho. Kwenye msiba wanawake wakasema, mtoto akiwa amesimama hapo anawasikia, "Masikini, hata kikombe cha maziwa hakuonja." Hayo alinisimulia mara nyingi, na kila akifika kwenye maziwa sauti inabadilika. Alikua, akaolewa na Theoneste, wakanunua kibanja, shamba la migomba, hapa Igurwa, wakajenga nyumba yenye baraza. Mgeni hakutoka kwake bila kunywa maziwa. Ukimwambia asihangaike, maji tu yanatosha, anakuona umemtukana.

Basi Theoneste akawa analishwa kama mfalme. Asubuhi supu ya kongoro na mkate uliolowekwa. Mchana mayai, soda ya rangi ile nyekundu. Jioni uji mweupe wenye sukari, au mkate tena na supu. Nyama, kila ikipatikana. Mkewe alikuwa anaamka mapema kuwasha moto wa makongoro hayo, na watu wakipita wanasema, "Loh, huyu mwanamke anajua kuuguza!" Anasikia, anafurahi. Nani asingefurahi?

Mwenye chakula mwenyewe hakufurahi. Mtu aliyezoea sahani iliyojaa ndizi na maharage na majani ya maboga, leo unampa vipande vya mkate? Alikuwa anakonda. Tumbo likawa linafunga, haendi haja mpaka anahangaika. Na kulikuwa na ule mkono. Jikoni kwao ni pale uani, ukikaa barazani unakiona chungu. Ukifika mchana, chungu cha maharage kikianza kunukia, Theoneste anainua mkono wa kushoto, ule mzima, anauelekeza kule. Anaunyoosha hivi, anaushikilia hewani mpaka unatetemeka. Mkewe anamletea mkate. Anausukuma. Anamletea soda. Anageuza uso.

Nilimwambia, mimi sina simile. "Mama Liliane, huyu mtu anataka maharage."

"Anataka kwenda jikoni kuota moto," akasema.

"Moto, na jua hili? Mpe maharage, mwanamke wewe, uone."

Akanigeukia, sijawahi kumwona na uso ule. "Wewe unataka watu wasemeje, Koku? Kwamba nimemchoka? Kwamba namlisha makombo ya vibarua?" Kisha akaingia ndani. Tukakaa siku kadhaa hatusemeshani vizuri, tunasalimiana tu kama watu waliokutana njiani.

Katika siku hizohizo ndipo alipokuja Ummy. Ni nesi, kijana, wazazi wake ni wafanyabiashara wa Kayanga na babu yake alitokea pwani, Kiswahili chake kinateleza mpaka sisi wengine tunaona aibu kufungua vinywa. Alikuwa kwenye utafiti. Walikuwa wanawafuatilia watu waliopata kiharusi, wa Karagwe na wa Kyerwa, kuona nani anapata nafuu na nani hapati, na kwa nini. Alimpigia Mama Liliane goti kidogo, "Shikamoo mama," akapewa maziwa yake, akayanywa. Nikampenda hapohapo.

Alieleza taratibu, wala hakuwa na maringo ya wasomi. Tumboni mwetu, alisema, wanaishi vijidudu wadogo wasioonekana, wengi ajabu, na wengi wao si wabaya. Tunachokula sisi ndicho wanachokula wao. Wakishakula wanatoa vitu vyao, na vitu hivyo vinapita vinaingia kwenye damu, vinazunguka mwilini mpaka kichwani. Wataalamu wanataka kujua kama vitu hivyo kwenye damu vinaweza kuonyesha mgonjwa wa kiharusi atanyanyuka vipi. "Bado tunatafuta," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kuomba damu ya baba. Na choo."

"Na nini?" Mama Liliane akauliza.

"Choo, mama. Kidogo tu, kwenye kikopo hiki."

Hee! Hapo nyumba ilitaka kubomoka. Damu sawa, hospitali wanachukua damu kila siku. Lakini choo cha mtu unampa mgeni aondoke nacho? Kwetu ukitaka kumwangamiza mtu ndicho unachotafuta! Mama Liliane alikitazama kile kikopo na mfuniko wake wa buluu kama aliyeonyeshwa nyoka. Theoneste kwenye kiti chake akaanza kucheka, ule mcheko wa upande mmoja, mabega yanaruka. Ndiye aliyetuokoa. Alimwinulia Ummy kidole gumba cha kushoto, yaani amekubali. Kesho yake asubuhi kikopo nilikipeleka mimi zahanati, nimekifunika na khanga, na aliyeniuliza nimebeba nini nilimwambia ni asali.

Siku ile ya kwanza, kabla hajaondoka, Ummy alitoa maelekezo. "Mpeni baba chakula chenu cha nyumbani. Maharage yaive sana, yapondwe asipaliwe. Ndizi, mboga za majani. Nyama na mayai visizidi, chumvi kidogo, soda aachane nazo kabisa." Alisema polepole, akarudia. Mama Liliane akaitikia kila neno, "Ndiyo mwanangu. Sawa mwanangu." Mgeni habishiwi. Ummy akapanda pikipiki yake akaenda, na mchana ule Theoneste akapata mayai na mkate.

Nilikaa pale nikamwangalia. Nikasema, "Si umesikia alichosema nesi?"

"Nimesikia. Ni mtoto yule, hajauguza mtu. Akiondoka yeye, watakaokuja hapa ni majirani."

Nikanyanyuka nikaenda zangu. Nilikasirika mpaka nikamfokea mbuzi wangu asiye na kosa.

Ummy alikuwa anapiga simu mara mojamoja. Baba anaendeleaje? Anafanya mazoezi? Anakula maharage? "Anakula mwanangu, anakula vizuri." Alisema hivyo nikiwa nimekaa karibu yake, akanipa mgongo wakati wa kusema. Mazoezi kweli alikuwa anamfanyisha, nisimsingizie. Anamnyanyua mguu, anaukunja, anamshika kiunoni watembee mpaka kwenye mti wa parachichi na kurudi. Na magoti ya kila asubuhi, "Sema neno." Miezi ile ya mwanzo ikawa inapita. Mguu ulipata nguvu kidogo sana. Mdomo haukutoa kitu. Akawa na uchovu, anasinzia hata watu wakiwa wamekaa naye, hata kile kicheko kikawa hakiji tena. Liliane alikuja kutoka Nkwenda alikoolewa, akamwona baba yake, akatoka kwenda kulia nyuma ya nyumba.

Kahawa ilikuwa imeshavunwa na kuanikwa Ummy aliporudi mwenyewe. Ile damu ilikuwa imepelekwa mbali kupimwa, pamoja na nyingine aliyotolewa kliniki baadaye, na majibu yalikuwa yamechelewa. Akakaa barazani, akampa Theoneste mkono, akamsalimia kwa heshima kama anayesalimia mtu anayejibu.

"Mama," akasema, "kuna kitu sikielewi, labda unisaidie. Vile vijidudu nilivyokuambia, wakipata nyama nyekundu na mayai kwa wingi kuna kitu kimoja kinazidi kwenye damu. Kwa baba kiko juu. Na wakipata nyuzinyuzi, zile za maharage na mboga na ndizi, kuna vitu vingine vinapatikana. Kwa baba viko chini sana. Sasa wewe kwenye simu uliniambia anakula maharage. Labda hata ile damu ya kliniki ilichukuliwa kabla hajaanza?"

Mama Liliane akasema, "Itakuwa hivyo mwanangu." Akanyanyuka haraka. "Ngoja nikuandalie chakula." Alitaka kuku. Alitaka nikamwite Abdulghani aje amchinje, ili Ummy ale kwa dini yake. Ummy akakataa kabisa. "Mama, nina njaa ya sasa hivi. Kilichopo kwenye chungu kinanitosha."

Kilichokuwepo kwenye chungu ni maharage. Maharage mapya, ya msimu ule, yaliyopikwa na ndizi, na mafuta kidogo ya karanga. Tulipakuliwa mimi na Ummy. Theoneste aliwekwa kwenye kiti chake karibu na Ummy, akaletewa bakuli la supu na mkate umeloweshwa. Mama Liliane akamfunga kitambaa kifuani, akachota kijiko.

Sijui kama nitaweza kuisema sawasawa. Theoneste hakufungua mdomo. Alikuwa anaitazama sahani ya Ummy. Kisha ule mkono wa kushoto ukanyooka, ukapita juu ya supu, ukaingia kwenye sahani ya mgeni. Mkono wa kushoto! Mtu mzima, baba wa watu, msemaji wa posa, kwenye sahani ya binti wa Kiislamu aliyekuja kwake mara ya pili. Akachota maharage kwa vidole akayapeleka mdomoni. Mengine yakamwagika kwenye kitambaa. Akarudi tena. Anatafuna haraka, kama anayejua atazuiwa.

"Jamani!" Mama Liliane alimkamata kiganja. "Mnisamehe, akili yake haijatulia. Nisamehe mwanangu, hakuwa hivi, huyu si yeye." Anamvuta mkono, na Theoneste anavuta kwake, wanavutana wawili hao mbele yetu, na machozi yanamtoka yule mzee yakichanganyika na mchuzi kidevuni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ummy hakuisogeza sahani. Aliiinua akamwekea mapajani. "Mwache, mama," akasema. "Mwache ale." Akachukua uma akawa anampondea yale maharage yaliyobaki, anamwekea moja kwa moja kwenye vidole. Akala mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Nje, pale kwenye majamvi ya kahawa, Mama Liliane alimweleza yote. Kwamba maharage hajawahi kumpa tangu atoke hospitali. Kwamba alidanganya kwenye simu. Alisema ameinamisha kichwa, kama msichana aliyeshikwa ugoni. Nilidhani Ummy atamgombeza na nilishajiandaa kumtetea, maana kumgombeza ni kazi yangu, si ya mwingine. Hakumgombeza. Alimshika bega tu, na uso wake ulikuwa umechoka.

"Mwanangu, niulize kitu," Mama Liliane akasema. "Ningempa tangu mwanzo, angekuwa anaongea sasa?"

"Sijui, mama."

"Sema tu. Nitavumilia."

"Sijui kweli. Hakuna anayejua bado. Wako wanaokula maharage kila siku na hawajaongea, na wako wasiokula wakaongea. Kiharusi kilimpata mahali pabaya kichwani, labda hata ungefanya kila kitu ingekuwa vilevile. Labda isingekuwa. Ndicho tunachotafuta."

Nilimfuata Ummy mpaka kwenye pikipiki, damu inanichemka. "Ungemwambia hapana! Neno moja tu, hapana, haikuwa maharage. Ungepungukiwa nini?"

Akavaa kofia yake. "Mama Koku, nikimdanganya leo, nikija mara nyingine na habari mpya ataniamini vipi?" Akawasha pikipiki. Nikabaki pale nafuta vumbi lake usoni.

Kuanzia kesho yake chungu kikawa cha Theoneste kwanza. Maharage yaliyopondwa na ndizi, mchicha, nyanya chungu, parachichi, maziwa mgando. Wageni wakija na mkate wanashukuriwa, mkate wanakula wajukuu. Wako waliosema. Nilimsikia mmoja kwenye kisima, anasema Mama Liliane amechoka kuuguza, sasa anamlisha mumewe maharage. Nilimwendea nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mama Liliane mwenyewe aliposikia hakushtuka. "Wacha waseme," aliniambia. "Hawa ndio niliokuwa nawaogopa, Koku? Hawahawa?" Ikamtoka hivyo, na nikaona jinsi alivyojuta. Majuto yake yalikuwa mabaya kuyatazama. Alikuwa anachambua mawe kwenye mchele mara anasimama, mikono imebaki hewani. Alihesabu kila mkate aliowahi kumlisha. Akawa ananiuliza mimi, kana kwamba nami nimesoma, "Lakini kama angekula? Lakini kama angekula mapema?"

Theoneste alinenepa kidogo. Tumbo likafunguka. Usingizi wa mchana ukapungua, akawa anafanya mazoezi bila kusukumwa, mpaka siku moja akatembea na fimbo kutoka barazani hadi jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na chungu akifurahi. Na mcheko wa upande mmoja ukarudi. Ila ulimi ulikuwa bado. Kwanza sauti tu, "aah, eeh." Halafu siku moja kuku kaingia ndani, Theoneste akamfukuza kwa "toka!" Toka, imenyooka! Mama Liliane alipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna mchumba kaja. Kisha ikapita wiki hakuna kingine. Tukampigia simu Ummy, akafurahi sana, akasema tusikate tamaa, tumsemeshe tu.

Hivyo Mama Liliane akazidisha magoti yake. Asubuhi, mchana, kila akimlisha. "Umeweza kusema na kuku, Baba Liliane. Na mimi je, mkeo? Niambie neno langu. Moja tu." Anamshika uso kwa mikono miwili. Nikimwona hivyo nilikuwa namwombea kwa Mungu apewe neno hilo, naapa kweli, kwa sababu alikuwa anakwisha.

Lilikuja mchana wa kawaida kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa pale uani nachambua majani ya maboga, Theoneste yuko kwenye kigoda chake, mkewe mbele yake na bakuli. Maharage yameshapondwa. Anampulizia kijiko kipoe. Na kama kawaida akasema, "Haya, niambie neno langu."

Theoneste hakujikaza safari hii. Mishipa haikumtoka. Alimtazama mkewe vizuri, bila hasira, niliona mwenyewe hakukuwa na hasira, akafungua mdomo na neno likatoka taratibu, limekamilika.

"Nilikuomba."

Nikaacha majani. Nikasema haraka haraka, "Anaomba! Umesikia? Anaomba chakula, mpe." Nikacheka kicheko cha uongo.

"Hapana, Koku," Mama Liliane akasema. "Nimemsikia." Hakunitazama. Alikuwa anamtazama yeye. "Najua, Baba Liliane. Niliuona mkono wako. Kila siku niliuona, na nilijua unataka nini. Niliogopa watu."

Theoneste akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa swali lake. Kisha akafungua mdomo, anasubiri kijiko. Mkono wa Mama Liliane ukawa hauinuki. Alijaribu, nikaona anajaribu, kijiko kinagonga ukingo wa bakuli. Nikanyanyuka nikakichukua mimi, nikamlisha mpaka bakuli likaisha.